Sevisi ya gari Nairobi: kwa dila au kwa fundi wa gereji?

Magari mengi ya Nairobi yana kibandiko kidogo cha Kijapani kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ni cha fundi wa mwisho wa huko, aliyeandika tarehe na kilomita siku alipobadilisha oili. Mwaka wenyewe mara nyingine umehesabiwa kwa zama za mfalme wao, kwa hiyo ukikuta 28 usishangae, ni 2016. Kama gari lako lina kibandiko hicho, basi swali lako si lile la mtu aliyechukua pikapu mpya Mombasa Road mwezi uliopita. Tunachanganya maswali haya mawili, na ndiyo maana ubishi wa "dila (wakala rasmi wa kampuni iliyounda gari) ni ghali bure" na "mafundi wa mtaani wataua gari" hauishi.

Mimi nimepita kote. Gari langu ni Toyota Fielder ya 2014. Limewahi kuinuliwa kwa lifti juu ya vigae vinavyong'aa, na limewahi kuinuliwa kwa jeki juu ya changarawe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: gari la mitumba lifanyiwe sevisi kwenye gereji nzuri, na kwa dila uende kwa kazi chache nitakazozitaja. Ila gereji nzuri haipatikani kwa kuulizia nani ana bei ya chini, na hapo ndipo wengi tunapoumia.

Kama waranti bado ipo

Hapa sina mengi. Lipeleke kwa dila. Waranti ni mkataba, na masharti yake yamo kwenye kile kijitabu kinacholala kwenye droo ya dashibodi bila kusomwa: sevisi kila baada ya kilomita kadhaa, mafuta ya aina fulani, mihuri ya sevisi. Gia boksi ikikufia mwezi wa 20 na mihuri haipo, umempa mwenye waranti sababu ya kukataa. Pesa utakayookoa kwa kubadilisha oili mtaani haifai kuhatarisha gari la mamilioni. Mwenye Isuzu D-Max ana nafuu zaidi, kwa kuwa gari hilo linaunganishwa hapa hapa Nairobi kwenye kiwanda cha Isuzu East Africa, kile kilichoitwa General Motors East Africa hadi 2017. Vipuri na watu waliolizoea hawako mbali naye.

Hata hivyo, soma karatasi kabla ya kuweka sahihi. Ukiona mstari wa kusafisha injekta au kutia dawa ya injini, na ratiba ya kijitabu haiutaji, uliza umetoka wapi na useme uondolewe. Mimi nimefanya hivyo kwa upole na hakuna aliyenikasirikia. Tena pedi za breki, raba za wipa na vitu vingine vinavyolika kwa matumizi kwa kawaida havimo kwenye waranti, kwa hiyo usidhani vyote ni bure.

Gari la mitumba ni habari nyingine

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na mengi huletwa yakiwa yamekaribia umri huo kwa sababu ndipo bei inapoanza kushikika. Kufikia hapo waranti ya mtengenezaji iliisha zamani, huko huko Japani. Hoja kubwa ya dila, kwamba ukienda kwingine utapoteza waranti, haikuhusu tena. Kinachobaki ni vitu vitatu: vipuri halali, mashine yenye taarifa kamili za kampuni, na ofisi ambayo ukienda na malalamiko utamkuta mtu. Ni vitu vizito. Swali ni kama kila kazi inavihitaji.

Nikupe mfano. Mwaka juzi nilianza kusikia kitu kinagonga mbele kushoto kila nikivuka matuta. Nikaenda kwa dila mmoja. Nilikaa kwenye sofa nyuma ya kioo, nikaletewa chai, na baada ya saa mbili kijana mstaarabu akaja na karatasi ya makadirio: mikono yote miwili ya chini (vyuma vinavyounganisha gurudumu na fremu), shokamzoba mbili za mbele, linki mbili, na alaimenti. Nikamuuliza ni kipi hasa kinachogonga. Akasema, "Sisi hubadilisha kipande kizima, bosi, ndiyo kazi isirudi."

Hakunidanganya. Dila anaogopa kazi kurudi, na njia yake ya kujikinga ni kubadilisha mkono mzima badala ya bushi, ile raba iliyo ndani yake. Mimi nililipia ukaguzi peke yake, nikakunja karatasi nikaiweka mfukoni.

Siku ya pili nilikuwa Kariobangi Light Industries. Fundi alilala chini ya gari, akapenyeza wenzo kati ya mkono na fremu, akausukuma, kisha akaniita. "Njoo uone, bosi." Raba ya bushi ya nyuma ilikuwa imepasuka na kuachana na chuma chake, unaweza kupitisha ukucha. Akafungua mkono, akaupeleka kwa jirani mwenye mashine ya kupresi, bushi ya zamani ikatoka ikiwa vipande viwili, mpya ikaingia. Linki moja ilikuwa imelegea, tukabadilisha zote mbili. Shokamzoba hazikuwa zinavuja wala gari halikuwa linadunda, kwa hiyo zikabaki. Kabla ya kukaza nati za mkono, aliteremsha gari likakaa kwa uzito wake. Nilipouliza kwa nini, akasema ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, raba inajifunga katika mkao usio wake, na gari likishuka inabaki imenyongeka hadi ipasuke upya. Hilo ni kweli, na ni jambo ambalo fundi mwenye haraka huliruka. Mlio uliisha siku hiyo na haujarudi.

Tangu hapo nimefanya hivi mara kadhaa: namlipa dila anikague, nachukua orodha yake, kisha naipeleka gereji tuipitie mstari kwa mstari gari likiwa juu. Ukaguzi wa dila ni makini, na ile karatasi ni yako.

Siku niliyoshika mkono wa kijana mwenye debe

Sasa upande wa pili. Kuna gereji moja niliipenda kwa bei na kwa maneno mazuri ya fundi wake. Nikapeleka gari libadilishwe mafuta ya gia boksi. Fielder langu lina CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na mkanda huo unashika kwa msuguano. Mafuta yake yameundwa yalainishe huku yakiruhusu mshiko huo. Mafuta ya otomatiki ya kawaida, ATF, hayakuundwa kwa kazi hiyo. Ukiyatia, mkanda unaweza kuteleza na kukwaruza puli, na hapo hutengenezi tena, unatafuta gia boksi nyingine.

Kijana alikuja na debe. Nikasoma ubavuni: ATF. Nikamshika mkono. "Bosi, hii inaingia otomatiki zote," akasema, na aliamini anachosema. Mwenye gereji hakuwepo. Mafuta ya zamani yalishamwagwa, basi gari likabaki juu ya jeki hadi jioni nikizunguka mjini kutafuta debe sahihi. Kila nikikumbuka nasikia baridi, kwa sababu siku nyingine ningekuwa nimeenda kunywa chai.

Kwa dila kosa hilo ni gumu kutokea, maana mafuta yanatoka stoo kulingana na gari lililoandikwa kwenye oda ya kazi. Toyota, Nissan na Honda kila moja ina mafuta yake ya CVT, na hata ndani ya kampuni moja kuna aina zaidi ya moja. Tena CVT nyingi za siku hizi hazina kijiti cha kupimia. Kiwango hupimwa mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, kwa hiyo fundi asiye na kifaa cha kusoma joto anakisia. Kwa kazi hii mimi huenda kwa dila, au kwa fundi wa CVT anayenionyesha debe na joto kwenye skrini. Kwa oili ya injini siendi.

Spea: hapa ndipo pesa inapopotelea

Gereji inakushinda au inakuokoa kwenye vipuri. Kwa dila unalipa zaidi, lakini unajua kilichoingia. Tatizo lake ni kwamba magari kama Toyota Fielder na Toyota Aqua yaliundwa hasa kwa soko la Japani. Hata namba ya chesi ni ile fupi ya Kijapani, si ya tarakimu na herufi 17, na kuna vipuri ambavyo dila atalazimika kuviagiza wakati mtu wa Kirinyaga Road anavyo rafuni.

Grogan, kama wengi tunavyoiita, ina kila kitu, na kila kitu kina madaraja matatu: kipya halisi, kipya cha kampuni nyingine, na kilichotolewa kwenye gari la Japani. Halafu kuna bandia kilichovalishwa boksi la halisi. Usiende na broka anayekupokea barabarani. Bei anayokupa imebeba mgao wake. Nenda moja kwa moja dukani ukiwa na namba ya chesi au kipande cha zamani mkononi. Taa, kioo cha pembeni au mlango wa mitumba sina neno navyo, ila dai risiti, maana taa na vioo huibwa sana hapa mjini na hutaki kununua cha jirani yako. Pedi za breki, mkanda wa taimingi, shokamzoba na raba za breki nunua vipya tu. Sijali umeokoa kiasi gani kwa pedi zilizotumika. Siku ya mvua kwenye mteremko utazilipia.

Oili mimi huinunua kwenye kituo cha mafuta na kuipeleka mwenyewe. Injini yangu, 1NZ, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha na kinachobaki nakitia kwenye buti. Galoni tupu natoboa kabla ya kuondoka, kwa sababu galoni nzima hununuliwa na kujazwa oili ya ajabu. Fundi mzuri hachukii ukifanya hivyo, wengine hunipa bisibisi. Muulize pia oili chafu inaenda wapi. Kama inamwagwa mtaroni Industrial Area, inafika Mto Ngong, na sitaki gari langu liwe sehemu ya uchafu huo.

Bei zilinganishwe zikiwa zimevunjwa

Ukipiga simu kuuliza "sevisi ni ngapi" utapata namba mbili zisizofanana kwa lolote. Uliza oili ya aina gani na lita ngapi, filta ya nani, plagi za aina gani, leba kiasi gani, na kama VAT, kodi ya ongezeko la thamani, imo. Kwenye bili ya shilingi 20,000, asilimia 16 ni 3,200 zaidi. Gereji ndogo isiyofikisha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili VAT, kwa hiyo tofauti nyingine unayoiona ni kodi, wala si roho mbaya ya dila. Plagi nazo hudanganya: za iridiamu zinaweza kufika kilomita 100,000, za kawaida zinachoka mapema sana. Anayekutajia bei ya kushangaza ya plagi pengine anazungumzia za kawaida, na kwa injini iliyokuja na iridiamu unarudi nyuma.

Wenye gari la kampuni au la biashara waangalie jambo moja zaidi. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki na mamlaka ya kodi, KRA, unapokokotoa kodi ya mapato. Fundi hodari asiyetoa ankara hiyo anaweza kuwa ghali kuliko alivyoonekana. Gereji kadhaa za Industrial Area sasa zinatoa, uliza kabla gari halijafunguliwa.

Mashine, mifuko ya hewa na haibridi

Taa ya injini ikiwaka, kila gereji leo ina kamashine ka kusoma kodi, yaani namba za hitilafu za kompyuta ya gari. Kusoma si kutambua. Kodi kama P0171 inasema mchanganyiko una petroli kidogo mno kwa hewa iliyopo. Haisemi ununue sensa. Chanzo kinaweza kuwa paipu ya hewa iliyopasuka nyuma ya filta, pampu ya petroli iliyochoka, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi la barabara ya Joska. Fundi wa kweli atatafuta hewa inapoingilia kabla ya kukutuma dukani. Hapa sitofautishi dila na gereji. Natofautisha anayepima na anayebahatisha.

Lakini kuna kazi ambazo nisingependa mtu ajifunzie kwenye gari langu: kuprogramu ufunguo, moduli ya ABS inayozuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki, na mifuko ya hewa inayovimba gari likigongana. Kuhusu mifuko ya hewa, kila mwenye gari la Japani alichukulie hili kwa uzito. Vilipuzi vya kampuni ya Takata viliharibika kwa joto na unyevu, vikawa vinapasuka na kurusha vipande vya chuma badala ya kuvimbisha mfuko tu. Watu walikufa, na makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurudishwa duniani kote. Tovuti za Kijapani za Toyota, Honda na Nissan zina mahali pa kuingiza namba ya chesi ukajua kama gari lako limo na kama kazi ilishafanyika. Ukilikuta bado linadaiwa, hiyo ni safari ya kwa dila, haina mjadala. Mwulize kuhusu malipo papo hapo, maana kasoro ya kiwandani ni mzigo wa aliyeunda.

Haibridi, gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, nayo ina umeme wa kuua. Betri kubwa ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni volti 144, ya Prius ya kizazi cha tatu ni 201.6. Kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa, fundi anapaswa kuchomoa plagi ya usalama, kuvaa glavu za mpira na kusubiri. Asiyefanya hivyo, chukua ufunguo wako uondoke. Nairobi ina mafundi wa haibridi wazuri waliobobea kwa hilo tu, na kwangu wako sawa na dila.

Namna ninavyopima gereji

Kwanza naenda bila gari, siku ya kazi, maana Jumamosi kila mtu ana haraka. Natazama magari yaliyo wazi. Injini iliyofunguliwa imefunikwa au inakula vumbi? Boliti ziko kwenye sahani au zimetawanyika? Nauliza nani hasa atashika gari langu na kama ana cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Asiyenacho simfukuzi, baadhi ya mikono bora niliyokutana nayo ilifunzwa na mjomba, na mingine ilitoka kwa dila ikaja kujitegemea. Lakini jibu lenyewe linaniambia kama mwenye gereji anawajua watu wake.

Kisha naangalia nati za magurudumu zinavyokazwa. Kwa gari dogo la Toyota ni karibu nyutonimita (Nm) 103, na kuna spana ya kupimia inayotoa mlio ikifika. Kijana akipanda juu ya wenzo kwa miguu miwili, stadi, zile boliti za gurudumu, zinavutika na siku ya pancha huwezi kufungua barabarani. Gereji yenye spana hiyo, na inayoitumia, mara nyingi ina mengine pia.

Ukiipata, usiipe kazi kubwa siku ya kwanza. Ipe oili na filta tu. Dai filta ya zamani uione, tazama kama wamebadilisha washa ya boliti ya kumwagia oili, andika kilomita na upige picha ya dashibodi. Ukifika nyumbani, laza kadibodi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi ikiwa kavu, mpigie fundi mpange siku ya breki.